Mizunguko Mitatu

Halwa haikufaa.
Nianze na hilo, maana nyumba nzima ya Langoni
iliiamini halwa. Mama yangu humlisha asubuhi,
humlisha akilia, humlisha akinyamaza:
"Ndoo mwanangu, tukua," kidole kimelowa samli na iliki,
na Famau hula bila kumtazama,
kama mtu anayevuta hewa.
Tamu isiyongojewa, Bi Amria aliniambia baadaye,
haina kazi ya kufanya.

Alikuja Jumatano na boti ya Mokowe, mkoba wa turubai begani.
Nilidhani ataleta dawa, au sheria.
Akakaa mkekani dukani kwangu, kati ya vipande vya bafta,
akamwangalia mwanangu saa nzima
bila kumwambia neno.
Kisha akauliza: "Akiachwa, huenda wapi?"

Nilicheka. Huenda kwenye cherehani, dada, kila siku namfukuza.
Hulaza shavu karibu na gurudumu,
na likizunguka, mng'ao ule humwingia machoni
akatulia tuli, kama mtungi uliokwisha kujaa.

"Basi," akasema, "hapo ndipo penye hazina yake.
Usimfukuze tena. Mfanye aifikie."

Tukaanza na kandambili.
Si kuvaa. Kugusa tu.
Akigusa: mizunguko mitatu, na tendo lenyewe kwa jina lake,
"Umegusa kandambili, Famau!"
si ule "mwana mzuri" wa kumwagiwa kila mtu.
Kisha kugusa kukashuka bei; sasa kidole gumba kiingie.
Kisha mguu. Kisha yote miwili.
Wiki saba, kwa jambo ambalo binti wa jirani
hulifanya akikimbia, mdomoni ana kachiri.

Na nilikosea. Hilo nalo liandikwe.
Siku moja alivaa zote mbili, mwenyewe, akanigeukia,
na Shekuwe Bakari yuko mlangoni anabishania kanzu,
shilingi mia, mia tu,
nami nikasema ngoja.
Famau hana ngoja. Akajiuma mkono, palepale penye kovu,
nami kwa pupa ya huruma nikazungusha gurudumu.
Siku nne alijiuma.
Fundi mzima, nimeulipia
mshono niliotaka kuufumua.

Hongo, alisema Bi Amria, humwendea mtoto akiwa katikati ya kilio,
humpigia magoti. Tuzo hufuata nyuma ya tendo,
lakini hufuata mbio.

Mama yangu alinuna.
"Mwana si punda wa kuonyeshwa nyasi."
Neno hilo lilinikwama kooni siku mbili.
Nikamwambia: na mimi je, nani hunishonesha bure?
Akasema, "Babako alinishonea bure."
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Bakuli la halwa, hata hivyo, akalifunika.

Sasa kuna vifungo. Vitano vya kanzu, vyeupe,
hutoka mkononi mwangu kimoja kimoja hadi kisahanini kwake;
vikitimia, ndipo gurudumu.
Zipo siku husahau kulidai,
akaenda zake kibarazani na kandambili miguuni,
ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, nami sisemi kitu.
Zipo siku kisahani huruka hadi ukutani
tukarudi kwenye kidole gumba.

Leo taa ilififia, uzi ukaikataa sindano,
mara ya kwanza, ya pili, nikalaani kimoyomoyo,
ya tatu ukapita.
Kitu baridi kikanigusa kiganjani.
Kifungo kimoja. Papo hapo, kabla sijashusha pumzi.
Hakunitazama.

Kisha, nadhani, akaona kisahani kimepungua,
akakichukua tena.